Sori Niliyompa Fundi Bakari

Makuti yaliyolala majini yana harufu yake, kama chai iliyosahaulika kwenye buli. Ndiyo iliyojaa uani kwangu Ukunda asubuhi ile dereva wa tuktuk aliponirushia tope, akapunguza mwendo, akasema, "Sori, mamaa," akaenda zake. Hata shingo hakugeuza. Nikasimama pale na leso imechafuka, harufu ile ikiwa puani, nikamkumbuka Fundi Bakari.

Shule niliishia darasa la tatu, na sioni haya kusema. Yadi hii ya makuti nimeisimamisha kwa vidole hivi hivi, na mwenye hoteli wa Diani paa lake likichakaa ananitafuta mimi. Kiingereza nilichotoka nacho shuleni ni kidogo, lakini sori ilikuwamo. Mwalimu alitufundisha kuwa inafaa kila mahali. Umechelewa, sori. Umemkanyaga mwenzio, sori. Umemwaga wino, sori. Nikawaona Waingereza watu wenye akili sana. Kwetu Msambweni ilikuwa kazi: mgonjwa umwambie pole, ukipita mbele ya watu wazima useme samahani, na ukimkosea mtu mkubwa ukakae chini mbele yake, utaje ulichofanya, uombe radhi, naye akupe au akunyime. Neno moja kwa yote hayo! Nikalibeba kama peremende shavuni.

Mwaka huo shangazi yangu Mwanasiti, dada yake baba, alikuwa na mtoto mchanga, hata arobaini hawajatoka, na nyumba yake ilikuwa yaezekwa upya. Mama alikaa kushona makuti, na mimi nikapewa fungu langu. Kazi yenyewe si ngumu: unakunja majani mawili mawili juu ya ufito, yapandane vizuri, unayashona kwa chane za ukindu. Lakini wenzangu walikuwa wakicheza mdako nyuma ya nyumba, nawasikia wakicheka. Nikakunja jani moja moja. Nikaacha mapengo. Kisha yale mabovu nikayatia katikati ya mzigo, mazuri nikayapanga nje. Akili ya biashara nilikuwa nayo mapema, nawaambia kweli, ila ilikuwa imepinda.

Fundi Bakari akapokea mizigo, akaezeka. Alikuwa mzee mwembamba, si mtu wa maneno, na kwenye hoteli za Diani alikuwa amezeekea juu ya mapaa. Masika ikaanguka wiki ile ile. Paa likavuja juu ya kitanda cha shangazi usiku kucha, mtoto akashikwa na kifua, wakampeleka hospitali, akalazwa.

Hapo ndipo watu walipoanza. Kisimani nilimsikia mwanamke mmoja akisema, "Fundi gani huyu? Kamwezekea mzazi chujio!" Mwenzake akajibu, "Makuti mazuri kayauza, si bure." Baba yangu ndiye aliyepita kiasi. Alimwita mzee wa watu mwizi mbele ya msikiti, watu wakitoka kuswali. Mtu mmoja aliyekuwa amemwahidi nyumba ya kuezeka akamwita fundi mwingine siku hiyo hiyo. Fundi Bakari alisema tu, "Nitapanda niangalie." Alasiri akapanda, akashuka, hakusema kitu.

Mimi nilijua mapengo yale ni yangu. Lakini nikajiambia dawa ninayo. Jioni ile ile nikamvizia kwenye njia ya mashambani.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Sori, babu."

Akatua kikapu chake chini, akaniangalia. "Neno hilo nalijua," akasema. "Wazungu wa hotelini wakinikanyaga husema sori. Wasiponisikia vizuri husema sori. Nilipofiwa na mke wangu, meneja alikuja akasema sori. Sasa wewe yako ni ipi?"

Akakichukua kikapu chake tena, akasema:

"Kama wanipa pole, nimeshapoa. Kama ni jingine, hilo lina maneno yake. Kayatafute."

Nikatoka mbio mpaka nyumbani.

Siku mbili nikakaa hivyo. Mama alirudi kutoka hospitalini akasema mtoto bado anahema kwa shida, hata ziwa hashiki. Nikawaza: akifa nimemuua mimi, na mzigo ataubeba yule mzee. Siku ya tatu, asubuhi, nikaenda kwake. Nilimkuta akila muhogo wa kuchemsha barazani. Nikakaa chini, mchangani, nikasema, "Babu, makuti yaliyovuja niliyashona mimi. Nilikunja jani moja moja nikayaficha katikati ya mzigo. Naomba radhi."

Hakuniambia, "Si kitu." Kilikuwa kitu. Alimaliza muhogo wake, akanawa, akasema, "Nimekuwia radhi. Twende ukamwambie babako hivyo hivyo, usipunguze."

Nikamwambia baba. Akanitazama mimi, akamtazama mzee aliyemwita mwizi, nikamwona mtu mzima naye anatafuta maneno. Kisha baba yangu, ambaye sikuwahi kumwona akiinamia mtu, akakaa chini. Akasema alichosema, na akasema alikisemea wapi na mbele ya nani. Ijumaa iliyofuata akakisema tena pale pale mbele ya msikiti.

Makuti mapya niliyashona mimi peke yangu, Fundi Bakari akiyakagua moja moja na kunirushia mabaya. Mtoto alipona, na sasa ana wajukuu. Shangazi aliporudi nyumbani nikakaa chini tena, nikasema tena. Alipiga funda la maji, akanipulizia kifuani, ndivyo radhi itolewavyo kwetu. "Moyo wangu mweupe," akasema. "Ukirudia nitakuzaba kofi."

Miaka mingi nilijivuna kwamba nilijitoa mwenyewe, hakuna aliyenigundua. Mpaka nilipoanza kununua makuti kwa ajili ya yadi yangu. Sasa mzigo ukishushwa, kabla ya kuambiwa, najua kuti hili la nani na lile la nani, kwa sababu kila mshonaji ana mkono wake. Na mimi natumia mkono wa kushoto. Mshono wangu hulalia upande ambao pale kijijini hakuna mwingine aliyeulaza. Siku moja nilikuwa nimeshika kuti langu mwenyewe, nageuza nageuza, nikalikumbuka paa la shangazi.

Alasiri ile alipopanda kuangalia, alijua. Alishuka na jina langu, akapita nalo katikati ya watu wanaomwita mwizi, na kazi zikamponyoka, asilitoe. Njiani aliponiuliza sori yangu ni ipi, jibu alikuwa nalo. Alitaka nilitoe mimi.

Nilipoyajua hayo alikuwa ameshazikwa zamani. Ile radhi ya kwanza alinipa. Ya siku zile tatu alizoitwa mwizi kwa ajili yangu sikuwahi kumwomba.