Honi Mbili za Asante

Kabla sijaiona Doha nilikuwa nimeendesha trela kutoka Mombasa hadi Malaba mpaka nikaijua barabara ile kuliko ninavyoujua uso wangu. Kwa hivyo tuelewane mapema: mimi ni dereva. Kuna watu wakisema hivyo huinamisha kichwa kidogo, wanajifanya wanyenyekevu. Mimi huo muda sina.

Kafili wangu, yaani yule mwajiri aliyenileta Qatar kwa mkataba, alikuwa mzee wa Al Wakrah mwenye nyumba kubwa, watoto wengi na ngamia wachache wa mbio. Mwanzoni kazi yangu ilikuwa kupeleka watoto shule na mama wa nyumba sokoni. Halafu dereva wake wa mbioni akarudi kwao Peshawar, na alfajiri moja mzee akanirushia ufunguo wa Land Cruiser nyeupe akasema, "Yalla, twende uwanjani." Basi nikaenda. Tuliporudi alimwambia mkewe, mimi nikisikia, kwamba amepata mtu. Nilitabasamu mpaka taya zikauma.

Asiyewahi kuziona mbio za ngamia za kule atafikiri kazi ya dereva ni kubeba tajiri tu. Wee! Ilikuwa miaka ile ya elfu mbili na kitu, roboti bado wageni. Ngamia anafungiwa mgongoni kijiroboti kilichovalishwa shati la rangi ya mwenyewe, kina mjeledi na spika ndogo. Mwenye ngamia yuko ndani ya gari, mkono mmoja rimoti ya mjeledi, mkono mwingine redio ya kuongea na ngamia wake. Ngamia wanakimbia ndani ya uzio, na magari yanakimbia sambamba nao kwenye barabara ya pembeni, yote pamoja, matajiri wametoa vichwa madirishani wanapiga kelele. Sasa, rimoti ile haifiki mbali. Dereva akiachwa nyuma, ngamia anabaki anakimbia na mdoli mgongoni. Yaani mbio zile nusu ni za ngamia na nusu ni za dereva, na atakayebisha aje tubishane.

Kulikuwa na dereva mwingine pale, Msudani, mtu mrefu mwenye sauti ya chini, ambaye kafili wake alikuwa mpinzani mkubwa wa kafili wangu. Alfajiri za mazoezi, matajiri wakiwa bado wamelala, tulikuwa tunaegesha magari bega kwa bega na kunywa chai kutoka kwenye chupa yake. Alikuwa ananiita "ya zol", wanavyoitana wao, jamaa wee. Kiarabu changu cha kuokoteza ni yeye aliyekinyoosha. Lakini siku ya mbio hatukusalimiana, hata kwa jicho. Bosi wake angemwona anacheka na mtu wa upande wetu, angekosa usingizi.

Na hapa lazima nieleze jambo la kwetu. Barabara ya Mombasa ina adabu zake. Mwenzako akikupisha, unampigia honi mbili fupi: pi-pi. Hiyo ndiyo asante. Hakuna anayekaa chini akufundishe. Usipoifanya, mkikutana Mtito Andei kwenye chai, madereva wanakuangalia kama mtu aliyekula akaondoka bila kumshukuru mwenye nyumba. Kwa hivyo mkono wangu ulikuwa umeizoea ile honi mbili hata kichwa kikiwa kwingine.

Siku yenyewe, ngamia wetu wa kike, wa kahawia, mwembamba kama ana njaa, alikuwa anatoka vizuri. Mbele alikuwa ngamia wa kafili wa Msudani peke yake. Mzee wangu alikuwa nusu nje ya dirisha, anamwita ngamia kwa majina ya mapenzi ambayo sijawahi kumsikia akimwita mkewe. Mara pikapu iliyokuwa mbele yangu ikapasuka tairi. Ikayumba, ikakanyaga breki. Kushoto nina uzio, na nyuma ya uzio watu wamekaa na watoto wao. Kulia nina gari la Msudani. Nyuma kuna msururu wa magari yanakuja kwa kasi. Nilijiambia, haya bwana, leo ndiyo leo.

Msudani aliona kwenye kioo. Aliachia mafuta kidogo, akavuta gari lake nje kwa upana wa gari langu moja, nami nikapenya. Bosi wake hakujua lolote. Macho yake yalikuwa kwa ngamia. Nikapita, nikapumua, na mkono wangu ukafanya ulichojua.

Pi-pi.

Ngamia wao alikuwa pale pale kulia, ndani ya uzio wa mbio. Alishtuka, akarusha kichwa, akakata kona kama amemwona nyoka. Wetu akampita. Akashinda. Mzee wangu alinikumbatia na usukani pamoja, nikawa natafuta breki nikiwa kifuani kwake.

Furaha ile haikufika hata jioni. Kafili wa Msudani alipeleka mashtaka: dereva wa Al Wakrah amepiga honi makusudi kumtisha ngamia. Na kupiga honi barabara ile ilikuwa marufuku, hilo wote tulilijua. Nikaitwa kwenye kikao cha nidhamu. Aliyepatikana na kosa la makusudi alikuwa hafukuzwi uwanjani tu. Uwanja ulikuwa unamwandikia kafili kwamba mtu huyu hafai, na kafili anayejali jina lake angekukatia tiketi ya kurudi kwenu wiki hiyo hiyo. Ushindi nao ungefutwa.

Mzee aliniita barazani akanipa maneno ya kusema. "Sema honi ina kasoro. Inalia yenyewe. Fundi wangu atakuja kuthibitisha. Khalas, yamekwisha."

Jamani, sijui kama nitaeleweka. Honi mbovu? Kwenye gari ninaloendesha mimi? Gari ambalo nalifungua boneti kila asubuhi kabla sijanywa hata maji? Nilihisi damu inapanda. Afadhali angeniambia niseme nimelewa.

Niliyekuwa nikiishi naye chumba kimoja Al Mansoura siku zangu za mapumziko, Mganda aliyekuwa askari wa mlangoni kwenye hoteli, alicheka mpaka akaweka mwiko chini. Alikuwa anapika ndizi.

"Ssebo, wewe una wazimu. Unakataa kuokolewa kwa sababu ya honi?"

"Si honi tu."

"Basi sema ukweli. Sema ulikuwa unashukuru. Nani atamfunga mtu kwa kusema asante?"

"Wataniuliza nilikuwa namshukuru nani."

Hapo aliacha kucheka. Alinielewa. Nikisema nilikuwa nashukuru, nitaulizwa nimeshukuru kwa lipi, na jibu ni moja tu: dereva wa mpinzani alinipisha katikati ya mbio ambazo bosi wake alikuwa anashinda. Bosi yule angeamini mambo mawili kwa mpigo, kwamba Msudani amemsaliti na kwamba tulikuwa tumepanga. Msudani alikuwa na mke na mabinti Omdurman, wote wanakula kwa usukani ule. Angefukuzwa kabla ya magharibi. Niligeuza jambo lile kila upande na kila upande lilikuwa na miba.

Mganda akanipakulia ndizi akasema, "Basi kula. Mtu anayerudishwa kwao asirudi na njaa."

Siku ya kikao nilivaa shati langu la kanisani. Chumba kilikuwa na zulia nene na baridi ya kutisha, wazee watatu wamekaa nyuma ya meza ndefu, na runinga kubwa ukutani. Kafili wangu upande huu, kafili wa Msudani upande ule, na Msudani amesimama nyuma yake karibu na mlango, mikono mbele, anaangalia zulia. Hatukuangaliana.

Walionyesha mkanda. Kamera ilikuwa imemfuata ngamia, kwa hivyo magari yalionekana kwa vipande vipande tu, kwenye vumbi. Lakini honi ilisikika. Pi-pi, safi kabisa. Nitasema ukweli: hata nikiwa kwenye shida ile nilijiambia, honi nzuri hiyo.

Mwenyekiti, mzee wa ndevu nyeupe na miwani, aliniuliza kwa Kiarabu cha polepole ili nimfuate. "Honi ya gari lako ni nzima?"

Kafili wangu alikohoa.

"Ni nzima, mzee. Kila kitu kwenye gari lile ni kizima."

Nilimsikia kafili wangu akivuta pumzi kwa meno.

"Kwa hivyo umepiga wewe."

"Nimepiga mimi."

"Kwa nini?"

Nami nikaangalia zulia. Baridi ile yote, na jasho likanitoka mgongoni.

"Mtu hapigi honi mara mbili bila sababu," akasema mwenyekiti. Hakuwa mkali. Ingekuwa rahisi kama angekuwa mkali. "Ulitaka kumtisha ngamia?"

"Hapana, wallahi. Mimi ni Mkristo lakini naapa kwa Mungu wenu na wangu. Hapana."

"Basi ulitaka nini?"

"Mzee, nimepiga mimi, peke yangu. Sina jibu lingine."

Kafili wa Msudani akapiga paja lake kwa kiganja. "Mmesikia! Hana jibu!" Mwenyekiti akawainamia wenzake, wakaanza kunong'ona, na mimi nikaanza kufikiria vitu vyangu vitaenea kwenye sanduku gani. Niliogopa, sitaficha. Lakini nilikuwa nimesimama wima, na nilikuwa najua kwa nini nimesimama.

Ndipo nikasikia ile sauti ya chini kutoka mlangoni.

"Alikuwa ananishukuru mimi."

Wote wakageuka. Msudani alikuwa ameinua macho kutoka kwenye zulia.

"Pikapu ilipasuka tairi mbele yake. Angeigonga, au angeingia kwenye uzio, na nyuma ya uzio kuna watoto. Nikampisha. Kwao dereva akipishwa hupiga honi mbili. Ameniambia mwenyewe, tukinywa chai." Akamgeukia bosi wake, kwa adabu kabisa. "Na kesho ningempisha tena, tawil al-umr. Hata kwa ngamia wako mia."

Yale maneno ya heshima, ya kumtakia bosi maisha marefu, hayakusaidia kitu. Sijawahi kuona uso ukibadilika rangi vile. Mwenyekiti akaomba mkanda urudishwe nyuma, wakautazama upya wakitafuta magari badala ya ngamia, na kweli, kwenye vumbi, pikapu ikaonekana inayumba na mwanya unafunguka. Mwanya wa upana wa gari langu. Hata kafili wangu aliusogelea ule ukuta na kusema, "Subhanallah."

Hukumu ikasomwa. Kosa la makusudi, hakuna. Ushindi utabaki. Lakini honi ni honi na sheria ni sheria: sitaendesha barabara ya mbio mpaka msimu uishe. Nikasema ahsante. Kwa mdomo, safari hii.

Nje, juani, kafili wa Msudani alinyoosha mkono bila kumwangalia. Msudani akatoa ufunguo mfukoni akauweka kwenye kile kiganja.

"Nenda zako," akaambiwa. "Sitaki kukuona."

Nilitaka kwenda kumshika yule bwana shati, na huenda ningefanya upumbavu huo kama kafili wangu hangenitangulia. Mzee alitembea polepole, akavuta tasbihi yake, akasimama kati yao.

"Humtaki?"

"Mchukue wewe! Si ni mtu wako!"

"Utanisainia karatasi za kumhamisha?"

"Leo hii hii!"

"Mbele ya mwenyekiti?"

Mwenyekiti alikuwa amesimama ngazini pale pale, anafuta miwani. Basi yule bwana alikuwa amekwisha kusema mbele za watu, na mtu wa heshima zake hawezi kumeza neno lake mbele za watu. Karatasi zilisainiwa kabla ya adhuhuri. Tukarudi sote watatu kwenye Land Cruiser, mzee mbele, Msudani nyuma, mimi naendesha. Abu Hamour mzee aliniambia nisimame kwenye kibanda cha karak. Akashuka mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akarudi na vikombe vitatu vya chai vinamchoma vidole.

"Wewe ni punda," akaniambia. "Nilikupa uongo mzuri ukaukataa." Kisha akamgeukia Msudani. "Na wewe unajua kuendesha mbio. Yeye amefungiwa. Alfajiri kesho, mazoezini."

Yaani alinipokonya usukani wangu akampa rafiki yangu, mimi nikiwa nimeshika chai. Iliniuma? Iliniuma, kwa nini nidanganye. Nilirudi kwa watoto wa shule na mama wa sokoni. Lakini nilikuwa nikipita mtaani Al Mansoura nimeinua kichwa, na Mganda alikuwa akiniamkia kila nikifika kwa pi-pi ya mdomo mpaka majirani wakadhani ni salamu ya Kiganda.

Mbio zilizofuata nilikwenda kama mtazamaji, nikasimama kwenye uzio pamoja na watu na watoto wao, pale pale pikapu ilipoyumbia. Vumbi likaja, kelele zikaja, na katikati yake ile Land Cruiser nyeupe niliyoifungua boneti asubuhi ile ile kwa mikono yangu, maana utunzaji wa gari mzee hakunipokonya. Msudani alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, shingo imenyooka. Hakugeuka. Lakini gari mbele yake likampisha, naye akapenya, na nikaziona hazadi, zile taa za dharura, zikiwaka mara moja, zikawaka mara ya pili, bila sauti, ngamia hawana habari.

Nyuma yake dereva mwingine akapishwa. Naye akawasha mara mbili.

Nikamshika bega baba mmoja wa Kipakistani aliyesimama kando yangu na mtoto mabegani, mtu nisiyemjua kabisa, nikamwonyesha kwa kidole. "Unaziona zile taa?" nikamwambia. "Hiyo ni asante ya kwetu."