Waya Mrefu wa Bi Besi

Bi Besi alianza kuingiwa na shaka siku aliposifiwa na watu watatu kwa wimbo ambao yeye mwenyewe aliusikia kama sufuria zinazobingirika kwenye ngazi.

Wa kwanza kumsifu alikuwa mpiga ngoma, mwembamba mpaka bendi nzima humwita Kijiko. Wa pili alikuwa wifi yake, mwimbaji. Hao angewasamehe. Wa tatu alikuwa mumewe, fundi mitambo wa bendi, na huyo ndiye aliyemshtua, kwa kuwa katika ndoa yao yote mwanamume huyo hakupata kusifu kitu bila kukitafutia kasoro. Hata siku ya harusi yao alimwambia amependeza, ila anatembea kama aliyebanwa na viatu.

"Leo umepiga vizuri, mke wangu," alisema huku akikunja nyaya.

Bi Besi akangoja kasoro. Haikuja. Machale yakamcheza, akamtazama kwa jicho la pembe mpaka waya wa mwisho ukaingia sandukuni.

Siku za kazi mwanamke huyu hushona mapazia, na Jumamosi mchana hupiga gitaa la besi katika ukumbi wa sherehe ambao mapazia yake kayashona mwenyewe. Jina lake la utani lilitoka kwenye gitaa hilo. Bendi aliianzisha yeye, akawafunza wenzake kwa ukali uleule anaomfunza nao mtu kukata kitambaa, na akawapa sheria: hakuna kutafuna jukwaani, hakuna kuwapa wageni mgongo, na mmoja akipotea katika wimbo, wote wapotee naye papo hapo, asiachwe kuumbuka peke yake. Sheria hiyo ya mwisho iliwaokoa wengi. Yeye hakuwahi kuihitaji, maana sikio lake lilikuwa kali mno.

Kisha ikaja homa, ikamlaza, na ilipoondoka ikaondoka na masikio yote mawili. Alilia kama mfiwa. Gitaa akalisukuma nyuma ya marobota ya vitambaa, asilione. Baada ya muda mrefu hospitalini walimpasua nyuma ya sikio moja, wakampenyezea waya mwembamba ndani kabisa, na kwa nje wakampa kidude cha betri cha kuning'iniza sikioni, pamoja na kingine cha mviringo, kama kifungo cha koti, kinachonata kichwani kwa sumaku. Mtaalamu aliyekiwasha hakuzunguka mbuyu.

"Mama, maneno yatarudi," alimwambia. "Mdundo nao utaupata. Ila sauti ipi imepanda na ipi imeshuka, hapo kifaa hiki ni dhaifu. Usitarajie muziki uwe ule uliouacha."

Ikawa hivyo hivyo. Mwanzoni watu wote waliongea kama bata, baadaye kwa mazoezi wakawa watu. Muziki ukabaki fujo. Ngoma aliisikia safi, kila pigo mahali pake, lakini sauti ya wifi yake na kinanda zilimfikia zimegandana, haijulikani ipi ni ipi. Basi akajifunza kupiga kwa njia nyingine. Vidole vilikumbuka vilikopita zamani, tumbo lilipokea mtetemo wa mbao za gitaa, na spika ndogo iliyokuwa nyuma yake jukwaani ilimgonga mgongoni kila alipogusa uzi. Aliporudi jukwaani ukumbi ulimpigia makofi, naye akafurahi hadi akasahau kuinama kushukuru.

Lakini spika ile ndogo ni ya kwake peke yake, na hapo ndipo shaka ilipopata mlango. Wageni husikia spika mbili kubwa zilizosimama mbele ya ukumbi, na kinachoingia humo huamuliwa na mumewe, kule nyuma kwenye meza ya mitambo. Akishusha kitufe kimoja tu, Bi Besi ataendelea kugongwa mgongoni, atatoa jasho, atatikisa kichwa kwa raha, na wageni hawatapata hata mlio mmoja wa besi. Atakuwa pambo la jukwaa, kama yale maua ya plastiki.

"Wamekula njama," alijiambia kwenye cherehani. "Wananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa." Kupiga vibaya hakukumtisha, angejifunza upya. Kilichomuuma ni kuzimwa na kuachwa aendelee kutabasamu. Akaapa kwamba akipata uhakika, gitaa ataliuza, na atampa mumewe vidonge vyake.

Akaanza upelelezi. Kijiko akimnong'oneza mumewe neno, yeye alikodoa macho asome midomo. Mara moja aliingia ukumbini mapema akakuta kitufe cha besi kimeshushwa hadi chini.

"Hiki mbona kiko chini?"

"Vyote viko chini. Nimezima, spika zisivume," mumewe akajibu.

Kweli vyote vilikuwa chini. Lakini Bi Besi akaona chake kiko chini zaidi.

Mwishowe akatega mtego. Jumamosi moja, ukumbi ukiwa umejaa watu wanaocheza, akahamisha vidole ghafla, akaupandisha wimbo juu ya pale ulipopaswa kuwa, na hakushuka. Lilikuwa kosa ambalo hata mlinzi wa mlangoni angeligeukia. Akazikagua sura. Kijiko aliendelea kupiga. Mpiga kinanda hakuinua uso, ila huyo hainui uso hata akiitwa. Wifi alikuwa amefumba macho, mishipa ya shingo imemsimama, anaimba. Wageni walicheza vilevile, na kule nyuma mumewe akamwitikia kwa kichwa, kama anayesema sawa, endelea.

Hakuna aliyeshtuka. Basi nimezimwa, akasema moyoni. Aliumaliza wimbo tabasamu limemganda usoni na machozi yanamlenga.

Kesho yake alikwenda nyumbani kwa wifi yake kumchimba. Wifi huyo kwa kawaida akimaliza kuongea na watu huongea na vyombo. Siku hiyo alikuwa amejifunga kitambaa shingoni, anakunywa maji ya moto kidogo kidogo. Kila alipoulizwa kitu, alionyesha koo na kutikisa kichwa. Midomo ilicheza, lakini kifaa hakikuokota chochote.

"Leo umekuwa bubu?" Bi Besi akamwambia. "Jana si ulikuwa na sauti ya kutosha ukumbi mzima? Semeni tu, wifi. Mnanichezea shere."

Wifi akacheka bila sauti. Kicheko hicho ndicho kilichomwasha kabisa. Akatoka moja kwa moja hadi kwa fundi redio, akaagiza atengenezewe waya wa gitaa mrefu kupita kiasi.

"Wa nini urefu huu, mama? Unataka kupigia nyumbani?" fundi akamtania.

"Wewe tengeneza," akajibu. Aliuficha waya ndani ya pazia lililokunjwa, akaingia nao ukumbini.

Jumamosi iliyofuata aliuchomeka mapema, akaukalisha nyuma yake mviringo kwa mviringo. Katikati ya wimbo wa pili akateremka jukwaani, gitaa tumboni, anapiga huku anatembea. Wageni wakampisha kwa shangwe. Mumewe akasimama ghafla. Ahaa, kashtuka, akafikiri Bi Besi, akaongeza mwendo. Akaifikia spika kubwa, ndefu kuliko yeye, akailalia kwa bega na kwa shavu la upande usio na kifaa.

Ilikuwa inamtikisa, lakini mtikiso huo aliutambua kuwa ni wa ngoma, na ngoma haikuwa na kesi. Akasubiri pengo ambalo Kijiko huliacha kabla ya kiitikio, pengo alilomfundisha yeye mwenyewe. Lilipofika akagusa uzi mnene, mara moja.

Spika ikampiga begani hadi kwenye meno.

Akagusa tena, ikampiga tena. Lakini shaka haikumwachia hata hapo: huenda mumewe kamfungulia sasa hivi, alipomwona anakuja. Akageuka haraka kutazama meza ya mitambo. Mumewe alikuwa amesimama mbali nayo, mikono yote miwili juu hewani, anampungia kwa wasiwasi arudi, asije akajikwaa na ule waya. Hakuwa amegusa kitu. Bi Besi akabaki ameegemea pale pale, anapiga, anacheka na kulia mbele ya wageni wa watu.

Wakati wa mapumziko aliwakusanya nyuma ya pazia.

"Wiki iliyopita nilipoharibu wimbo, mlinisikia?"

"Nani asisikie, dada?" Kijiko akasema. "Nilidhani umepagawa."

"Mbona hamkushtuka?"

Wifi ndiye aliyejibu, sauti yake bado inakwaruza. "Tushtuke ili iweje? Ulipanda, tukapanda. Kinanda kikapanda, na mimi nikapanda mpaka koo likanichubuka. Si sheria yako? Halafu ukaja kunitukana kwangu, wifi, na siwezi hata kukujibu!"

 Bi Besi alikuwa amewakagua nyuso, na wenzake walikuwa wamemjibu kwa sauti, mahali pekee ambapo yeye hakuweza kuwaona. Walikuwa wamepotea naye, wote, papo hapo. Aibu ilimshika, na chini ya aibu furaha ambayo hakuijua aiweke wapi. Lakini shaka ilikuwa imeshakuwa mpangaji wake, haiwezi kuhama siku moja. Akamgeukia mumewe.

"Na wewe hujanizima hata mara moja?"

 Kijiko akaanza kuvikagua viatu vyake.

"Mara moja," mumewe akasema mwishowe. "Siku uliyorudi. Niliogopa watakucheka. Kijiko akaacha kupiga, akanifuata mezani mbele ya watu, akaniambia bila wewe hana pa kukanyaga. Nikakufungulia. Sijarudia."

Bi Besi aliikumbuka siku hiyo, ngoma iliponyamaza katikati ya wimbo. "Mliniambia ngozi ya ngoma imepasuka."

"Ilikuwa nzima," Kijiko akasema.

Akamgeukia tena mumewe. "Basi nitajie kasoro ya leo," akamwambia. "Na ole wako unisifu."

"Kiitikio cha pili ulichelewa," mumewe akasema taratibu. "Na viatu hivyo vinakubana."

Waya ule mrefu hakuurudisha kwa fundi. Kila Jumamosi, katika wimbo wa pili, Bi Besi huteremka jukwaani na kuilalia spika, na wageni hushangilia wakidhani ni madoido. Mumewe anajua ni ukaguzi. Akimwona tu mkewe anateremka, husogea mbali na meza na kuinua mikono yote miwili juu, ili aione.