Mwamba wa Ndani

Kwenye kituo cha utafiti wa bahari walimwita Dada Masikio. Miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kusikiliza samaki. Vinasa sauti viwili vilikuwa chini ya maji. Yeye hukaa chumbani, hedifoni kichwani, akijaza fomu. Samaki huguna na kugonga. Kamba wadogo hupiga kucha, maelfu kwa maelfu, hadi bahari ichakarike kama mafuta kikaangoni. Sikio la kushoto mwamba wa ndani, la kulia mwamba wa nje. Hakuwahi kuzigeuza hedifoni.

Wiki tatu zilizopita, kushoto kulinyamaza. Injini za boti alizisikia, ila ule mchakariko mwembamba haukuwapo. Moyo ulimpasuka. Mama yake alianza kuwa kiziwi hivyohivyo, kwenye umri huohuo: kwanza zilimpotea sauti nyembamba, za vijiko na ndege, kisha za wajukuu. Na msikilizaji asiyesikia ni wa nini? Akaandika kwenye fomu alichozoea: kamba, wapo. Kesho yake akaandika tena.

Tangu hapo aliishi roho mkononi. Nyumbani alimhamishia mumewe upande wa kulia wa kitanda. Nahodha wa boti ya kituo alipolazimika kumwita mara mbili, alimtania kwamba wakubwa wakijua ameziba masikio, kazi atapewa papa. Dada Masikio akacheka kuliko wote waliokuwapo. Hakuthubutu hata kusugua vidole karibu na sikio kulijaribu.

Alhamisi asubuhi nahodha aliingia bila utani.

"Dada, kule mwamba wa ndani unasikia nini?"

"Kawaida tu. Kwani vipi?"

"Nilishinda na mshipi pale jana, sikuguswa hata na kidagaa. Maji yametulia vibaya."

Alipotoka, Dada Masikio alizitazama hedifoni. Kuzigeuza tu. Kimya kikibaki kushoto, sikio lake limekufa. Kikihamia kulia... Hakulimaliza wazo hilo.

Akageuza.

Sikio la kushoto likajaa mchakariko wa mwamba wa nje, ukucha mmoja mmoja. Alishusha pumzi, machozi ya shukrani yakimlenga. Kisha akasikiliza kulia. Injini ya mbali. Maji. Basi.

Alizikusanya fomu kumi na tano, zote kwa mwandiko wake mzuri, wapo, wapo, wapo, akaenda nazo hadi mlangoni kwa mkuu wa kituo.

"Mwamba wa ndani umenyamaza," alisema.

Mkuu akauliza tangu lini. Swali hilo alilisikia vizuri mno, kwa masikio yote mawili.