Koti la Dokta

Mtaani walishamwita Dokta kabla hajawa daktari wa chochote. Muuza magazeti alimwita hivyo kwa utani. Baba yake, fundi cherehani aliyelazwa kitandani na maradhi ya mapafu, akalipokea jina hilo bila utani hata chembe. Kila jioni alimuuliza, "Lini, mwanangu?" Alitaka kuiona shahada kabla hajafumba macho. Koti jeusi la siku ya kutetea tasnifu alikuwa akilishona mwenyewe, kwa mkono, palepale kitandani.

Kazi yenyewe, ya fizikia, jamani, inapasua kichwa. Hali moja ya nguvu zinazoshikilia kiini cha atomu huandikika kwa namna chungu nzima, na zote ni hali ileile. Ni kama mtu mmoja aliyepigwa picha kila upande. Ukitaka kuhesabu watu, unaweka kanuni: zibaki picha zinazotazama mbele tu. Kwenye hesabu za mwanga kanuni hiyo haina matata. Kwenye nguvu za kiini, mtu mmoja anatokea na picha mbili tatu, zote zinatazama mbele, ukamhesabu tena na tena. Wengi walishajikwaa hapo. Dokta yeye alidai amepata kanuni isiyobakiza nakala.

Aliijaribu pale nguvu zilipo hafifu, ikakubali, naye akajenga tasnifu nzima juu yake. Wiki ya utetezi, ofisini chuoni, kwa kujiridhisha tu, akaijaribu pale zilipo kali. Lo! Nakala hiyo hapo. Akarudia hesabu, ikamtazama vilevile. Msimamizi wake alisoma, akavua miwani, akasema, "Pole, kijana wangu. Hapa hapazibiki."

Nyumbani alimkuta baba anakaza kifungo cha mwisho.

"Baba, nimekosea. Inabidi nianze upya."

"Upya kabisa?"

"Kabisa. Ni miaka, baba."

Mzee akakohoa weee, mpaka machozi yakamtoka. Dokta alijuta kusema. Angemdanganya tu, nani angejua? Mzee akakata uzi kwa meno, akamnyooshea koti.

"Livae nilione."

Akalivaa. Lilimkaa barabara, mabegani na mikononi. Akainama, na mzee akamwekea kola sawa.

"Basi lisikae bure," akasema. "Utalivaa siku ya kunizika."