Maji ya Baba Makena

Springla ya kumwagilia shamba ikianza kuzunguka hutoa sauti ya mtu anayesonya, tena anayesonya bila kuchoka, na mimi nikiisikia popote nilipo, hata kwenye bustani ya hoteli hapa Embu, huacha ninachofanya. Nyuma ya sauti hiyo huja harufu ya udongo mwekundu uliolowa na majani ya kabeji yaliyokatwa, na nyuma ya harufu namwona Makena amesimama kati ya mistari ya mishiri, yale maharagwe mabichi ya kuuzwa ng'ambo, sketi ya shule ameifunga kiunoni, akihesabu hatua kwa sauti. Alikuwa rafiki yangu na jirani yangu. Tulikuwa darasa la saba, muhula wa kwanza, na jua la Januari lilikuwa limeifanya njia ya kwenda shuleni kuwa vumbi tupu.

Kijiji chetu kiko upande wa Meru, kwenye mteremko ulio chini ya msitu wa Mlima Kenya. Maji yalichukuliwa mtoni ndani ya msitu, yakaingia kwenye tangi, kisha yakashuka kwa bomba moja kupitia mashamba bila injini yoyote. Bomba hilo tuliliita laini. Laini yetu ilikuwa na nyumba kumi na moja, sisi wa kwanza juu kabisa na akina Makena wa mwisho chini, karibu na kijito. Ilifunguliwa Jumanne na Ijumaa alasiri. Ili pasiwe na manung'uniko, nozo zote, yaani vile vidomo vya springla vinavyorusha maji, zilitobolewa na fundi mmoja kwa msumari mmoja, kisha kila moja ikapakwa namba kwa rangi nyekundu. Kugusa nozo isiyo ya shamba lako lilikuwa kosa kubwa kuliko kuachilia ng'ombe kwenye mahindi ya mwenzako. Tundu sawa, maji sawa. Baba yangu alikuwa mwenyekiti wa laini, na maneno hayo aliyatamka kama mtu anayesoma Maandiko.

Shida ni kwamba maji hayakuwa yameisoma sheria hiyo. Springla yetu ilitema mate tu, mistari ya pembeni ikabaki mikavu, ilhali ya baba Makena ililoweka shamba lake lote na kuvuka mpaka kwenye migomba. Baba yake alikuwa mtu mpole, mrefu, mwenye kigugumizi kidogo, na hakuwa na majibu ya haraka. Watu walianza kusema. Nilimsikia jirani mmoja akimwambia baba pale getini, "Mwenyekiti, maji yake inafika mpaka kwa ndizi, na yangu inaanguka hapa kwa miguu. Hapo kuna kitu." Baba akajibu kwamba kama kuna kitu, kitaonekana tu.

Mwalimu wetu wa sayansi alikuwa kijana kutoka Embu, Mwalimu Njeru, ambaye kila jioni alirudi mjini Meru, kwenye chumba alichopanga mtaa wa Majengo nyuma ya bucha. Alikuwa na msemo mmoja uliotuchosha: "Msiniamini mimi. Pimeni." Siku moja alituambia tutoboe mkebe wa mafuta ya kupikia matundu matatu, juu, katikati na chini, tuujaze maji, tuone ni tundu lipi litakalorusha mbali. Kitabu kilikuwa na picha, na katika picha tundu la chini lilishinda. Mimi na Makena tuliuweka mkebe wetu chini uani kwao, tukaujaza, na tundu la katikati likashinda. Nilitaka kuchora kama kitabu kilivyochora, tukanywe chai. Makena alikataa. Alijaza mkebe huo mara tano, kisha akakaa akiutazama, akaniambia, "Kendi, hii ya chini iko na nguvu, lakini inagonga udongo kabla haijafika. Tuinue." Tukaupandisha juu ya ukuta wa zizi la ng'ombe, na tundu la chini likarusha maji mbali kuliko mengine yote, likamlowesha jogoo wao. Tulicheka mpaka mama yake akatoka jikoni. Kesho yake Mwalimu Njeru alipouona mchoro wetu alisema kitabu hakikupima. Sijawahi kuwa na fahari kama ile, na wala haikuwa akili yangu.

Ni Makena pia aliyeona kwamba mteremko wetu ulikuwa mkebe ule ule. Sisi tulikuwa tundu la juu, wao tundu la chini, na uzito wa maji yote yaliyojaa bombani ulikuwa juu ya nozo yao. Mwalimu akatuambia tuandike ripoti ya mashindano ya sayansi, lakini kwanza tupime. Ijumaa hiyo baba alikuwa amekwenda sokoni na baba Makena alikuwa kazini kwa mtu. Tulihesabu hatua kutoka kwenye springla hadi maji yanapoangukia: kwetu tisa, kwao kumi na nne. Kisha tukafanya lile jambo. Tulifungua nozo yetu yenye namba moja tukaishusha kwao, na ya kwao yenye namba kumi na moja tukaipandisha kwetu, tukahesabu tena. Kwetu tisa. Kwao kumi na nne. Makena aliandika namba hizo kwenye daftari langu kwa kalamu yake ya buluu, akapiga mistari miwili chini yake. Hakuna aliyekuwa akiiba. Maji yalikuwa yanashuka tu. Tulifurahi mno hata tukasahau kurudisha nozo mahali pake, na tayari mama alikuwa ananiita nikakame ng'ombe.

Jumamosi asubuhi wanakamati walipita shamba kwa shamba kukagua, wakaikuta nozo ya mwenyekiti kwa baba Makena, na ya kwake kwetu. Kufikia saa nne laini nzima ilikuwa imekusanyika kwenye tangi, akina mama upande mmoja, wazee wamekaa juu ya saruji. Baba alishika nozo zote mbili mkononi. Baba Makena alijaribu kueleza kwamba hajui ilivyofika kwake, kigugumizi kikamshika, na kila alivyokwama ndivyo watu walivyotazamana. Hapo Makena akajitokeza mbele, jambo ambalo mtoto wa kwetu hafanyi mkutanoni, akasema, "Si baba. Ni mimi na Kendi. Tulikuwa tunapima."

"Mlikuwa mnapima nini?" mtu akauliza.

"Maji. Hata mkibadilisha nozo, ya chini itarusha mbali. Tuliandika kwa daftari ya Kendi."

Watu wakacheka. Baba hakucheka. Alinigeukia, akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kendi, wewe ulikuwa huko?"

Mara nyingi nimejaribu kujitetea kwa ajili ya dakika ile. Nilikuwa na miaka kumi na tatu. Nilimwogopa baba, na zaidi ya kumwogopa niliona haya kwamba binti wa mwenyekiti ndiye aliyevunja sheria ya mwenyekiti. Yote hayo ni kweli, na hayasaidii kitu. Nilitazama viatu vyangu nikasema, "Hapana, baba. Mimi sikuwa huko." Makena alinitazama kwa mshangao, wala si kwa hasira, na hadi leo ningeona afadhali hasira.

Walimfungia baba Makena maji msimu mzima. Bomba lake lilikatwa likapigwa kizibo, na mishiri yake ilikuwa ndiyo kwanza inatoa maua. Kwa wiki tatu niliitazama ikinyauka kila nilipopita kwenda shuleni, majani yakianza kujikunja, kisha kugeuka manjano, kisha kuwa rangi ya karatasi kuukuu. Makena na mama yake walibeba maji kutoka kijitoni kwa mitungi, wakaweza kuokoa mistari miwili. Usiku wa siku ile ya mkutano nilikuwa nimeuchana ule ukurasa wenye mistari miwili ya buluu nikautia motoni. Mwalimu Njeru alipouliza ripoti nilimwambia hatukumaliza. Alisema inasikitisha, akaendelea na somo. Kabla ya Pasaka akina Makena walihamia Timau, baba yake akawa kibarua kwenye shamba la maua. Makena hakuniaga, na nisingejua pa kuweka uso wangu kama angekuja.

Leo mimi ni mhandisi wa maji. Ofisi yangu iko Embu, na kazi yangu ni kupita kwenye miradi ya milimani nikiwaeleza wakulima kile ambacho Makena alikieleza pale kwenye tangi. Nina kipimo cha presha cha kufunga kwenye bomba, kina mshale na kioo, na mshale ukipanda hakuna anayecheka. Watu huniita madam na kunipa kiti. Laini yetu pia ilibadilishwa kwa ushauri wangu: nyumba za chini zina tundu dogo, za juu kubwa, na kati yake kuna tangi la kuvunja nguvu ya maji. Hakuna aliyeuliza jambo hilo lilijulikana tangu lini. Shamba la baba Makena lina mwenyewe mwingine sasa.

Krismasi iliyopita nilikaa na baba jikoni, tukimenya viazi kama alivyozoea tangu mama afariki, nikamwambia ukweli wa ile Jumamosi. Nilikuwa nimejiandaa kwa miaka mingi. Hakuinua macho kutoka kwenye kisu.

"Mimi nilijua," akasema. "Sketi yako ilikuwa na matope mpaka kwa goti, na kwetu matope ilitoka wapi?"

Nikamwuliza mbona alinyamaza.

"Ulisema mbele ya watu hukuwa huko. Ningefanya aje? Niseme mtoto wangu ni mwongo?" Alimenya viazi viwili zaidi. "Halafu ningefunga maji ya nani? Yangu?"

Hivyo ndivyo tulivyomtoa jirani kijijini, mimi na baba, kila mmoja akimsitiri mwenzake, na hatukuwahi hata kukubaliana. Baba Makena alifariki huko Timau miaka minne iliyopita. Wazee wa laini walipopata habari walisema alikuwa mtu mzuri, ila tu yale mambo ya maji. Baba alikuwepo waliposema hivyo, na hakuwasahihisha.

Namba ya simu ya Makena ninayo. Nilipewa na shangazi yake, ambaye aliniambia ana watoto wawili na hazungumzii sana kijiji chetu. Siku hizi nasimama mbele ya watu mia mbili nikiongea saa nzima kuhusu maji bila sauti kutetemeka, lakini namba hiyo naifungua kwenye simu, naitazama, naifunga. Ninachotaka kumwambia ni neno moja tu, kwamba nilikuwako. Kama ningelisema siku ile pale kwenye tangi, hata baba yake angelisikia.