Mtani Hashitakiwi

Mimi ni mtu wa nyumbani. Kutoka kwangu Tabora mjini hadi Kwihara si safari, lakini nimefika huko mara mbili tu, na mara ya pili nilipotea. Kwa hiyo hata nilipomharibia mume wangu jina, nilikuwa nimekaa kwenye kigoda nachambua maharage, simu nimeiegemeza kwenye sufuria.

Alikuwa amehamia kwa dada yake yapata mwezi. Hatukugombania jambo kubwa. Tulichokana tu, kila mtu akimngoja mwenzake aseme. Yeye ni mpishi katika shule ya bweni. Siku hiyo nikasikia ameonekana mjini amenawiri, anacheka. Nikabonyeza simu, nikarekodi sauti nikawaambia wanawake wa kikundi chetu cha wasapu kwamba yule bwana ana kifua kikuu, anakoholea ugali wa watoto wa watu na dawa anazificha chini ya godoro. Mwishoni nikacheka. Nao wakacheka, isipokuwa mmoja mwenye mtoto katika shule ile.

Baada ya wiki mume wangu akasimamishwa kazi. Baada ya wiki nyingine ikaja barua ya wakili wake: nikanushe na kuomba radhi, la sivyo tuonane mahakamani.

Sikuogopa, na hapo ndipo aibu yangu inapoanzia. Mimi ni Mnyamwezi, yeye Mgogo. Mababu zangu walipita kwao na mizigo mabegani wakielekea pwani, wakatukanana na wenyeji mpaka wakazoeana, na tangu hapo sisi ni watani. Kwenye msiba wa baba yake nilivaa koti la marehemu nikawaamrisha waombolezaji waninyamazie nipate usingizi, na hakuna aliyenikemea. Mtani hashitakiwi. Nikaichukua barua, nikaenda kwa msaidizi wa kisheria wa kata yetu, mama mmoja mtaratibu, kama mtu anayekwenda kuchukua cheti chake.

Aliisoma mara mbili, akauliza kama mume wangu anaumwa kweli. Nikasema haumwi, ana mafua ya vumbi kama Tabora nzima. Kisha nikamfundisha habari ya utani, kwa elimu yangu yote ya kidato cha nne.

"Utani mtu anaambiwa machoni, naye anakujibu," akasema. "Huyu yumo kwenye hicho kikundi chenu?"

"Hayumo, mama."

"Basi huo si utani, mwanangu. Hiyo ni kashfa."

Akanieleza polepole. Ndoa hainikingi, mume anaweza kunidai fidia mahakamani kama mtu baki. Sauti yangu imehifadhiwa, na akitaka anaweza kwenda nayo hata polisi, maana uongo wa mtandaoni nao una sheria yake. Tukifika kwenye talaka, kwanza tutapita baraza la usuluhishi wa ndoa, na huko wajumbe wanaweza kuisikiliza sauti hiyo mbele yangu. Nikauliza kama naweza kusema sikumbuki. Akanirudishia barua mkononi. Alisema mume wangu amechagua njia nyepesi kuliko zote: ameomba neno lirudishwe pale pale liliposemwa, apate kazi yake.

Nikarudi nyumbani nikarekodi kwamba nilidanganya. Zikaja nyuso za kucheka, moja baada ya nyingine. Jirani yangu akaandika, "Shoga, utatuvunja mbavu." Nikarekodi tena, kwa sauti ya kanisani, wakacheka zaidi. Miaka yote nimewazoesha hivyo mwenyewe.

Ikabidi niende shuleni na karatasi niliyoandika kukanusha. Mkuu wa shule alinisikiliza mpaka mwisho, akasema karatasi haitoshi, wazazi ndio walioogopa. Kamati yao inakutana Ijumaa, nije niseme mwenyewe. Nikaja. Nilisimama mbele ya watu wazima thelathini, mikono sijui niiweke wapi, nikasema mume wangu hana kifua kikuu na hajawahi kuwa nacho, nilimzushia kwa sababu nilimwonea wivu kwamba anacheka bila mimi. Hakuna aliyecheka. Mume wangu alikuwa kwenye benchi la nyuma, akitazama sakafu.

Nje nilimkuta mlangoni. Nikasubiri anitukane, Mgogo wangu ambaye hajawahi kushindwa neno nami.

"Ahsante kwa kuja," akasema, kwa adabu zote, akanipisha nipite.

Jumatatu alirudishwa jikoni. Kwangu hajarudi, wala sijapata uso wa kumwita.