Namba Isiyo na Kipimo

Nakumbuka asubuhi moja ya baridi, mwanangu, katikati ya miaka ya sabini, mimi na Kaka Hamisi tukiwa Upplands Väsby, nje kidogo ya Stockholm, ofisini kwa muuza mabamba ya povu. Tulikuwa mafunzoni huko, na nyumbani walikuwa wametuagiza tuchague mabamba ya kuzuia joto lisiingie ghala la chanjo. Umeme wetu si unaujua? Ukikatika, kuta ndizo zinazobaki kulinda dawa za watoto.

Yule bwana alitupokea vizuri mno. Kahawa, maandazi ya iliki, kahawa tena. Mimi mtu akinichangamkia hivyo nashika mkoba wangu.

Akatuonyesha karatasi: uwezo wa kupitisha joto, 0.033. Namba ikiwa ndogo joto hupita kwa shida, na hicho ndicho tulichotaka. Maagizo yetu yalisema isizidi 0.037 kwa kipimo cha wati. Hamisi, aliyekuwa mkubwa wangu wa kazi, akatoa kalamu atie sahihi.

Lakini mbele ya namba ile hapakuandikwa kipimo chochote. Miaka ile Waswidi walikuwa wanahama kutoka kipimo cha zamani cha joto, kilokalori, kwenda wati, na karatasi za zamani na mpya zilichanganyika. Nikauliza ni kipimo gani. Yule bwana akacheka, akaanzisha habari za meli ya kusafirisha mzigo. Nikauliza tena, akanimiminia kahawa. Hamisi akaninong'oneza kwamba namwaibisha mbele ya mwenyeji wetu. Sikuachia.

“Ni wati au kilokalori?”

Akatazama dirishani. “Kilokalori,” akasema.

Kilokalori moja kwa saa ni wati 1.163. Nikazidisha pale pale, ikaja 0.038 na ushei. Mabamba yale hayakutufaa. Hamisi akarudisha kalamu mfukoni, na ndani ya treni hakunisemesha mpaka tukafika mjini. Tukanunua kwingine.

Wewe mwenyewe, mwanangu, ulipewa matone ya polio yaliyohifadhiwa katika ghala lile, wiki ambayo mji mzima ulikuwa gizani.

Basi ukipewa namba, uliza ni ya nini kabla hujaifurahia. Anayekwepa swali hilo mtazame mara mbili, hata akiwa mkarimu namna gani. Na usione haya kuuliza mara ya tatu mbele ya mkubwa wako. Atanuna, kisha atapoa. Mungu akujalie macho makavu na moyo safi, na wanao wakue salama mikononi mwako.